Siku Zinazopotea Njiani: Kansa ya Matiti na Akina Mama wa Mtwara

Kansa ya matiti ina tabia moja ambayo imewaponza akina mama wengi: mwanzoni haiumi. Uvimbe huwa mdogo kama punje ya kunde, mgumu, umetulia kimya. Mama huugusa anapooga, hushtuka, kisha hujiambia, "Mbona hauniumi?" Nasi tumezoea kwenda hospitali kwa sababu ya maumivu. Maumivu yanapofika, mara nyingi kansa imekwisha kutoka kwenye titi na kuingia kwapani, mifupani au kwenye mapafu.

Kwa hiyo katika ugonjwa huu siku zenyewe ni dawa. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa kansa ya matiti, na moja ya shabaha zake inaeleweka hata kwa asiye daktari: tangu mgonjwa anapofika kwa mara ya kwanza kwa mtu wa afya mpaka ajue kwa hakika ana nini, zisipite siku 60. Hapa Tanzania kansa hii ni ya pili kwa wingi miongoni mwa wanawake, baada ya ile ya shingo ya kizazi. Madaktari huigawa katika hatua nne, na takriban wagonjwa wanane katika kila kumi hufika ikiwa katika hatua ya tatu au ya nne.

Rangi na umbali

Tusikimbilie kusema kwamba ni uzembe wa mwanamke wa Kiafrika. Nchini Marekani, penye hospitali kubwa na mashine za kila aina, wanawake weusi hupata kansa ya matiti kwa kiwango pungufu kidogo kuliko weupe, lakini kiwango chao cha vifo kinazidi cha weupe kwa karibu asilimia 40. Ni kweli kwamba aina moja kali, isiyosikia dawa za homoni, huonekana zaidi kwa watu weusi. Lakini hiyo haielezi yote. Imeonekana pia kwamba mwanamke mweusi husubiri zaidi kabla ya kuanza tiba.

Karibu na kwetu, watafiti waliwafuatilia wagonjwa katika nchi tano za Afrika, Uganda ikiwa mojawapo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Nchini Namibia, katika kila wanawake weupe 100 waliougua, 90 walikuwa hai baada ya miaka mitatu. Katika kila wanawake weusi 100 wa nchi hiyo hiyo walikuwa 56. Nchi ni moja na ugonjwa ni mmoja.

Sisi nasi tuliwahi kuwa na mstari wa rangi. Hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, ilijengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19 kwa ajili ya Wazungu, na Waingereza wakaendeleza mtindo huo. Waafrika na Wahindi walikwenda hospitali ya Sewa Haji, iliyopewa jina la mfanyabiashara Mhindi aliyetoa fedha za kuijenga. Leo jengo lile la Wazungu limo katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyoanzishwa mwaka 1996, na mgonjwa anayeingia haulizwi rangi wala kabila. Mungu ashukuriwe kwa hilo.

Hata hivyo, swali jingine limebaki mlangoni ingawa halijaandikwa popote: umetoka wapi? Kwa miaka mingi tiba ya mionzi ilipatikana Ocean Road peke yake nchini. Bugando, Mwanza, nayo ilikuja kupata mashine, lakini kwa mtu wa Ruvuma, Mwanza ni mbali kuliko Dar. Mama wa Sinza hupanda daladala asubuhi, akapata mionzi yake, akarudi kupika chakula cha jioni. Watanzania tunajivunia kwamba hatubaguani kwa makabila, na tuna haki ya kujivunia. Lakini Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera wengi wako Kusini, basi umbali wa Kusini huwaangukia wao, hata kama hakuna aliyewachukia.

Kutoka Mahurunga

Tumfikirie mama wa miaka 45 anayeishi Mahurunga, bondeni mwa Ruvuma, ambako ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Ameugusa uvimbe mwezi wa Oktoba. Oktoba ndio mwezi uliotengwa duniani kwa ajili ya kansa ya matiti, lakini Mtwara ni mwezi wa korosho. Nani ataziacha korosho chini ya mkorosho aende kupimwa kitu kisichouma? Anasubiri. Fedha za mnada zinapoingia kuna madeni na sare za shule, na mvua nazo zimeanza kuharibu njia.

Anamwambia dada yake, dada anamwambia mama yao, na habari inafika kwa mjomba, kwa maana ukoo wa Kimakonde hufuata upande wa mama na neno la mjomba ni zito. Mume ana lake, mjomba ana lake. Mtu mmoja anasema kansa ikiguswa na chuma inasambaa. Usemi huu umewaua wengi. Sindano ya kuchukulia kipimo haisambazi kansa. Anayekufa baada ya kukatwa mara nyingi ni yule aliyeletwa wakati ilikuwa imekwisha kusambaa.

Halafu kuna mganga wa kienyeji. Sisi Wakristo tunapenda kumkemea mama aliyekwenda huko, wala sisemi alifanya vema. Lakini tuone kinachomvuta: mganga yuko karibu, anasema lugha yake, anakubali kulipwa baadaye, wala hamtajii kukatwa titi. Hofu ya kukatwa titi ni hofu ya kuachwa na mume, na wapo walioachwa kweli.

Miezi minne imepita. Zahanati inampa dawa ya vijidudu na kumwambia arudi akimaliza. Baadaye anapewa barua ya kwenda Ligula, mjini Mtwara. Huko kinachukuliwa kinyama cha kupimwa, na kusubiri majibu ni safari nyingine ya kurudi kijijini na kuja tena. Wengine hawaji tena.

Zinabaki kilomita zipatazo 560 hadi Dar es Salaam. Wanaokumbuka miaka ya kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003 wanaijua pantoni ya Rufiji na tope lililowalaza wasafiri njiani. Sasa basi hufika kwa siku moja, ingawa Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara hiyo upande wa Somanga, Kilwa. Lakini nauli ndiyo ndogo. Mionzi hutolewa Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki tatu hadi tano, na dawa za dripu huweza kurudiwa kila wiki tatu kwa miezi kadhaa. Atalala wapi? Atakula nini? Nani anabaki na watoto? Yule mwanamke wa Marko sura ya 5 alikuwa amewamalizia matabibu mali yake yote. Wapo wa namna hiyo Ruvuma leo.

Kusini hakujakosa watu wa kuhangaika. Dk. Leader Stirling alifika Lulindi, Masasi, mwaka 1935, akapasua wagonjwa katika majengo ya udongo na nyasi. Baadaye akawa Waziri wa Afya. Wabenediktini wana hospitali yao Ndanda. Na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, pale Mitengo, iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwaka 2023, imesogeza upasuaji na madaktari bingwa. Safari ya mionzi ndiyo iliyobaki ndefu.

Vikundi vyetu

Akina mama wa WAWATA na wa umoja wa makanisa mengine tuna mifuko ya misiba. Mtu akifa, fedha hupatikana jioni ile ile. Kwa nini fedha hizo zisitoke mapema, mama akiwa bado na titi lenye punje ya kunde? Na pwani ya Mtwara majirani zetu wengi ni Waislamu. Mfuko wa namna hii usiulize dini.

Tufundishane dalili bila haya: uvimbe kwenye titi au kwapani, ngozi iliyokunjamana kama ganda la chungwa, chuchu iliyozama, majimaji yenye damu. Kagua wiki moja baada ya hedhi. Ukipewa dawa na uvimbe haukuondoka kwa wiki mbili, usikubali dozi ya pili. Omba barua ya rufaa. Kikundi kiandike tarehe ya majibu na kimteue mmoja wa kuyafuata. Usharika wa Dar wenye chumba cha wageni ungeweza kutenga kitanda kimoja kwa mgonjwa wa Kusini.

Akirudi, bado hajamaliza. Wengi hupewa vidonge vya tamoksifeni, kimoja kila siku, kwa miaka mitano au zaidi. Mwaka wa kwanza kila mtu humtembelea. Mwaka wa tatu ana nguvu, analima, hakuna anayemwona mgonjwa, na vidonge humwishia wiki ambayo hana nauli ya kwenda mjini. Hapo ndipo jirani anapaswa kumwuliza.