Tulindeje Hazina Iliyo Ndani ya Tarakilishi?

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii niliielewa siku ile mama aliporudi kutoka ushirika wa wakulima wa maembe, hapa kwetu Makueni, akaketi kizingitini bila kuvua viatu. Ati tarakilishi ya ofisi imefungwa na wezi! Kila faili ilikataa kufunguka, na kwenye kioo kulikuwa na maandishi ya kudai pesa. Akiba za wanachama zote zilikuwa zimeandikwa humo, na akiba ya mama ndiyo karo yangu.

Wezi hawa hawavunji mlango. Hutuma barua pepe yenye kiambatisho. Karani akikibonyeza tu, programu mbaya inaingia, inageuza maandishi yote kuwa mafumbo, na ufunguo anabaki nao mwizi. Nyingine iitwayo WannaCry haikungoja hata mtu abonyeze. Mwezi wa Mei 2017 ilienea yenyewe katika nchi zaidi ya 150, na hospitali kadhaa za Uingereza zikawarudisha wagonjwa nyumbani. Cha kuudhi ni kwamba Microsoft walikuwa wametoa dawa yake tangu Machi, ila wengi hawakuiweka.

Kuna pia mashambulizi yasiyoiba chochote, huziba njia tu. Julai 2023 eCitizen, mtandao wa huduma za serikali yetu, ulilemewa na maombi ya uongo, mfano wa watu elfu wasio na safari kujazana mlangoni pa matatu. Eliud Owalo, aliyekuwa Waziri wakati huo, alisema hakuna data iliyopotea.

Basi kinga ni ipi? Nyanya yangu, ng'ambo ya mto Athi upande wa Kitui, hajagusa tarakilishi maishani, lakini jambo hili analijua. Mahindi ya kula huyaweka ghalani. Ya mbegu huyafunga peke yake na kuyaning'iniza juu ya meko, moshi uyapate. Fukusi wakiingia ghalani, mbegu wamezikosa. Nakala ya rekodi nayo ni vivyo hivyo: iwe kwenye diski nyingine, iliyochomolewa, katika jengo jingine. Ushirika wetu ulikuwa na nakala, naam, lakini diski yenyewe ilikuwa imechomekwa kwenye tarakilishi ile ile! Mwizi akafunga zote mbili. Nayo nywila ya ofisi ilikuwa moja, makarani watatu wakiitumia, imebandikwa ukutani.

Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka Kamishna wa Data ajulishwe ndani ya saa 72 habari za watu zikiingiliwa na kuwe na hatari ya wao kudhurika. Sisi tulijulishwa baada ya wiki tatu, tena na majirani.

Kilichotuokoa ni vile vitabu vidogo vya wanachama. Jumamosi nne mfululizo mama na wenzake walipiga foleni, karani akinakili upya. Mzee mmoja cha kwake kilikuwa kimeliwa na mchwa. Yeye anasema ana shilingi 20,000. Wao wameandika 8,000, na kesi hiyo haijaisha.