Protini haitulii: safari ndani ya kiini cha seli (3)

Wiki iliyopita tuliishia kwenye matundu ya utando wa kiini, pale protini zinapokaguliwa kabla ya kuingia. Sasa tuseme protini yetu imeshapita. Inaelekea wapi, na nani anaipeleka?

Ndani ya kiini hakuna nafasi ya kuchezea. Upana wake ni kama sehemu 1 ya 100 ya milimita, na katika seli ya binadamu humo mmekunjwa DNA ya takriban mita 2. Katikati ya msongamano huo kuna maeneo yenye kazi zake maalumu. Nukleoli huunda ribosomu, maelfu kwa dakika katika seli inayokua kwa kasi. Vidoa hukusanya protini za kukata na kuunga RNA. Ipo pia miili ya Cajal, yenye jina la Mhispania Santiago Ramón y Cajal, aliyeieleza mwaka 1903 akichunguza seli za neva. Mitokondria na viungo vingine vingi vya seli vina utando wake. Maeneo haya hayana. Vitabu vingi vya shule huizungushia nukleoli mstari mweusi, na mwanafunzi akaondoka akiamini ina ganda. Ningekuwa na uwezo, ningeufuta mstari huo.

Basi kama hakuna ukuta, kwa nini protini za nukleoli hazitawanyiki kiini kizima?

Jibu lilianza kuonekana pale watafiti walipoweza kuzitazama protini ndani ya seli hai. Waliziunganisha na protini ya kijani ing'aayo, iliyopatikana kwanza kwa konyeza aitwaye Aequorea victoria. Mwaka 2000, Robert Phair na Tom Misteli, wote wa jimbo la Maryland, Marekani, walitumia mbinu hiyo kwa protini tatu, mojawapo ikiwa fibrilarini, mkaazi maarufu wa nukleoli. Jaribio lenyewe ni rahisi kulieleza. Unaelekeza mwali mkali wa leza kwenye sehemu ndogo ya nukleoli; protini za hapo zinapoteza mng'ao wao moja kwa moja, ingawa zenyewe haziharibiki kiasi cha kuacha kazi. Kisha unasubiri. Kama fibrilarini ni mkaazi wa kudumu, doa lile litabaki jeusi.

Halikubaki. Rangi ilirudi kwa muda wa kuhesabiwa kwa sekunde, maana molekuli zilizofifia ziliondoka na nyingine zenye mng'ao zikachukua nafasi. Tena, seli ziliponyimwa nishati protini ziliendelea kutembea vilevile. Hakuna anayezibeba wala reli ya kuzielekeza. Zinasukumwa huku na huku na mtikisiko wa kawaida wa molekuli, mpaka zigongane na kitu cha kushikamana nacho.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Fibrilarini hunasa kwenye nukleoli kwa sababu huko ndiko RNA za ribosomu zinakotengenezwa, nayo kazi yake ni kuzibandika vikundi vya methili. Ikimaliza, inaachia, inazurura tena. Tunachokiona kwenye hadubini na kukiita nukleoli ni hesabu tu ya zinazoingia na zinazotoka.

Ukivuruga hesabu, eneo nalo linavurugika. Protini za vidoa zikibandikwa fosfeti na vimeng'enya fulani hulegea, zikaenda kwenye jeni zinazonakiliwa. Archa Fox na wenzake huko Dundee, Uskoti, walieleza mwaka 2002 protini iitwayo PSP1, inayokaa kwenye vijidoa jirani na vile vya kwanza. Unakili wa jeni ukisimamishwa kwa dawa, PSP1 huhama na kujikusanya pembezoni mwa nukleoli.

Miaka ya karibuni limeongezwa jambo jingine. Mwaka 2011, Clifford Brangwynne na wenzake walionyesha kwamba nukleoli za mayai ya chura zikikutana huungana na kuwa duara moja, kama matone ya mafuta juu ya mchuzi. Tangu hapo wapo wanaoona matone kila pembe ya seli. Nadhani shauku imepita kiasi: hali ya tone haielezi kwa nini fibrilarini inaingia nukleoli na PSP1 ikaenda kwingine. Hilo bado ni suala la nani anashikamana na nani.

Hospitalini suala hili lina uzito wake. Katika aina moja ya saratani ya damu, protini iitwayo PML huungana na protini nyingine kimakosa, na miili yake ndani ya kiini husambaratika kuwa vijipunje. Arseniki, sumu tunayoijua, hushikamana na PML. Ile protini ya kimakosa huvunjwavunjwa na miili hujiunda upya. Madaktari wa Harbin, China, walianza kuwatibu wagonjwa kwa arseniki miaka ya 1970, kabla haijajulikana inafanyaje kazi. Wiki ijayo tutaifuata dawa hiyo hatua kwa hatua.