Kanga Kavu, Damu Tumboni

Mjamzito wa Kisiwani, wilayani Same, akishikwa na tumbo ghafla usiku, swali la kwanza nyumbani huwa: unatoka damu? Akijibu hapana, watu hushusha pumzi na kumwambia alale, kutakucha. Naomba tusimlaze, hasa kama ni mama aliyesumbuliwa na chango miaka mingi.

Nyuma ya chango la namna hiyo huweza kuwapo endometriosisi: tishu zinazofanana na utando wa ndani wa kizazi huota nje yake, kwenye ovari, nyuma ya kizazi, hata juu ya utumbo. Inampata takriban mwanamke 1 kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa. Msichana hulala chini kwa maumivu kila mwezi, anachemshiwa mizizi, anaambiwa akizaa yataisha. Akishika mimba hedhi husimama, na wengi hupata nafuu kweli. Walio wengi hujifungua salama.

Ninaowahofia ni wachache sana. Mishipa iliyo pembeni na nyuma ya kizazi hutanuka mno wakati wa ujauzito, na pale ugonjwa ulipoishambulia huweza kupasuka. Damu yote humwagikia tumboni. Utafiti wa Uholanzi ulikuta tukio hili kwa wazazi 5 hivi kati ya 100,000. Kabla ya mwaka 1950, karibu nusu ya akina mama waliopatwa nalo walifariki. Siku hizi upasuaji wa haraka na damu ya kuongezwa huwaokoa wengi, ingawa watoto bado hupotea. Mara chache zaidi, utumbo wenyewe hutoboka.

Hutokea zaidi baada ya wiki ya 20. Maumivu ni makali na hayaachii kama uchungu unavyoachia. Kanga ni kavu, lakini viganja na ndani ya kope vimepauka, jasho ni la baridi, mama anaona kizunguzungu. Wengine huumwa bega, kwa kuwa damu imefika chini ya kiwambo cha kupumulia. Wauguzi wenzangu, presha na wingi wa damu vya mwanzo huweza kusomeka vizuri. Rudieni kupima. Na ultrasaundi isiishie kwa mtoto, itafute damu tumboni.

Kutoka Kisiwani hadi Same mjini ni safari, na hospitali ya KCMC iko mbali zaidi, Moshi. Pigeni 115, namba ya m-mama ya usafiri wa dharura kwa wajawazito, ni bure, msingoje kuche. Na siku ya kwanza kliniki, mama aeleze hedhi zake zilivyokuwa, naye mkunga aandike kwenye kadi.