Teknolojia Shuleni: Tuanze na Somo, Kisha Kifaa

Jibondo, wilayani Mafia, ni kisiwa cha mawe ya matumbawe. Kwa miaka mingi wakazi wake waliletewa maji matamu kwa mashua. Mahali kama hapa, kompyuta iliyofika shuleni bila mpango huliwa na hewa ya chumvi, na mwenye hasara ni mtoto.

Jibondo inasifika kwa waunda mashua. Fundi hapasui ubao kabla ya kujua chombo kitabeba nini na kitapita maji gani. Nasi tupange vivyo hivyo: mwalimu abainishe kwanza mada ambayo ubao na chaki havitoshi kuieleza.

Tuchukue mfano wa bamvua. Watoto wa pwani huliona kila mwezi, lakini jinsi mwezi na jua vinavyoivuta bahari kwa pamoja ni vigumu kuichora ubaoni. Video fupi huionyesha vizuri. Kisha wanafunzi washuke ufukweni, wapime kina cha maji kwa mti uliotiwa alama, na walinganishe.

Hatua zinazofuata ni za kawaida, lakini ndizo hupuuzwa. Masomo yapakuliwe penye intaneti ili yatumike bila mtandao. Walimu wafunzwe kabla ya vifaa kuwasili. Wazazi na kamati ya shule wakubaliane nani atatunza paneli za umeme wa jua, na fedha ya betri mpya itatoka wapi.

Kifaa ni chombo tu; nahodha ni mwalimu.