Mbona Nyakakika haimo kitabuni?

Wadau, kuna dogo wangu wa kidato cha tatu, nyumbani kwao Nyakakika kule Karagwe, kanitumia swali ambalo nimekaa nalo wiki nzima. Mwalimu wao wa Kiswahili kawaambia kwamba kitabu walichomaliza kusoma ni hadithi ya uhalisia, yaani inaonesha maisha kama yalivyo. Dogo akaniuliza: "Braza, maisha ya nani?"

Tuanze na hilo neno. Hadithi ya uhalisia haina sungura anayeongea wala jini wa kwenye chupa. Si lazima iwe imetokea kweli, mwandishi anabuni kama kawaida. Ila kabanwa. Mhusika wake akikosa nauli hawezi kupaa na ungo, atembee kwa miguu. Na ikiandikwa kwa ajili ya vijana, anayebeba mzigo ni kijana mwenyewe. Haitoshi awe mtoto wa mhusika mkuu anayetumwa sigara dukani.

Sasa angalia vitabu ambavyo wanafunzi wa sekondari Bongo wamevisoma kwa miaka mingi. Watoto wa Mama Ntilie cha Emmanuel Mbogo kinajulikana na kila mtu: Zita na Peter wanakosa ada na sare, shule inawatema, maisha yanawapeleka jalalani. Ada ya shule za serikali hadi kidato cha nne ilifutwa kuanzia 2016, kwa hiyo mtu anaweza kusema hadithi imepitwa na wakati. Muulize mzazi yeyote wa Nyakakika kama sare na madaftari navyo ni bure.

Halafu kuna Takadini cha Ben Hanson. Hicho ni cha Zimbabwe, enzi za kale. Mama anaitwa Sekai, anajifungua mtoto albino, mila inataka mtoto auawe, mama anambeba na kukimbia naye usiku. Mbali sana na sisi, si ndiyo? Basi kumbuka mwaka 2024. Wilayani Muleba, mkoa huu huu wa Kagera, mtoto mwenye ualbino ambaye hata miaka mitatu hajafikisha aliporwa kutoka nyumbani kwao, na mwili wake ukapatikana siku kadhaa baadaye. Mwanafunzi wa Kagera akisoma Takadini leo haitaji kuelezwa Sekai anakimbia nini.

Kwa Kiingereza kuna Passed Like a Shadow cha Bernard Mapalala, familia inayomalizwa na ukimwi. Majina ni ya Toro, Uganda: Adyeri, Amooti na wenzao. Lakini wagonjwa wa kwanza wa ukimwi kutambuliwa Tanzania walikuwa Kagera, mwaka 1983. Wazee wetu waliyaona hayo kabla hayajaandikwa. Na Unanswered Cries cha Osman Conteh kinatoka Sierra Leone, binti anagoma kukeketwa mpaka kesi inafika mahakamani.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema vitabu vya mbali havitufai. Vinafaa sana. Kinachomuuma dogo ni kingine. Kasoma kuhusu jalala la Dar, kijiji cha Zimbabwe, mahakama ya Sierra Leone, na hajawahi kukutana na mtu wa kitabuni anayeamka asubuhi kwenye migomba, akiongea Kinyambo na bibi yake, Kiswahili na mwalimu, na Kiingereza na karatasi ya mtihani.

Na siyo kwamba mambo hayapo! Mnakumbuka Operesheni Kimbunga, 2013? Serikali ilikuwa inaondoa wahamiaji haramu Kagera, Geita na Kigoma. Kuna watu waliokuwa wameishi hapa miaka na miaka, wameoa hapa, wamezaa hapa, wakaambiwa wavuke mpaka. Fikiria upo darasani, rafiki yako wa dawati moja Jumatatu hayupo. Ulijua babu yake alitoka Rwanda, na yeye aliwahi kukuomba usimwambie mtu. Ulimwambia mtu? Hiyo peke yake ni riwaya nzima, na sioni kama inahitaji kumtukana yeyote. Inahitaji mtu anayejua dawati linavyokuwa pana ghafla.

Au chukua binti aliyepata mimba kidato cha pili. Hadithi za zamani zilimfukuza shule, zikamfunga hapo kama fundisho kwa wengine. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu mabinti hawa kurudi shuleni. Haya, anarudi. Anakaa wapi darasani? Mtoto anabaki na nani saa ya masomo ya jioni? Mwandishi wa zamani hakulazimika kujibu hayo, wa leo analazimika.

Wapo waliojaribu kuziba pengo. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulianza 1991, ukasaidia vitabu vingi vya Kiswahili kuchapwa, ila zaidi ni vya wadogo wa shule ya msingi. Tuzo ya Burt iliyoletwa na Wakanada iliwalenga vijana hasa, lakini ilitaka hadithi za Kiingereza. Tuzo ya Mwalimu Nyerere, iliyotolewa mara ya kwanza 2023, ni ya Kiswahili na imewahi kuwa na kipengele cha hadithi za watoto. Nasema watoto. Mtu wa miaka kumi na tano mwite mtoto uone atakavyokuangalia.

Basi nikamjibu dogo: anza wewe. Nilidhani atacheka. Juzi kanitumia kurasa mbili alizoandika nyuma ya daftari la jiografia. Baba mmoja ana deni, anauza kahawa ikiwa bado maua mtini, kwa bei ya kutupa. Mwanae anaelewa kwamba hela iliyouzwa ni ile ya godoro lake la bweni. Msimu unafika, kijana anaitwa kuchuma kahawa ile ile, na mnunuzi amesimama pembeni anahesabu magunia.

Kaniuliza kama neno butura alibadilishe, maana watu wa Dar hawatalielewa. Nimemwambia aliache hivyo hivyo, wataelewa wakifika kwenye magunia.