Boti ya Duluti: tuiunde hapa au tununue iliyo tayari?

Vijana wa Akheri wanaotaka kutembeza wageni Ziwa Duluti, mkoani Arusha, huanza kwa kuulizia bei ya boti. Mimi ningewaomba waanze na karatasi.

Watu sita wa kilo 75 ni kilo 450. Boti ya mita 5 kwa 1.2, ncha zikiwa zimechongoka, hukalia maji eneo la kama mita 4 za mraba. Uzito huo utaizamisha sentimita 11 zaidi. Ongeza majaketi ya kuokolea na mgeni anayesimama ghafla kupiga picha, ndipo ujue ubavu uwe na kimo gani. Mstari wa penseli unafutika bure. Mataruma yakishapigwa misumari, kuyabomoa ni kununua mbao mara ya pili.

Mbao inamfaa mwenye mtaji mdogo. Fundi analaza mkuku hapo hapo kando ya ziwa, na ubao ukioza unabadilishwa huo mmoja. Ila msivutwe na unafuu wa msonobari. Duluti ni maji baridi: hakuna wadudu wa baharini wa kutoboa mbao, lakini hakuna pia chumvi ya kuikinga isioze. Mvule ni ghali, unadumu. Na kila mwaka boti itapandishwa nchi kavu, ikalafatiwe kwa pamba na kupakwa rangi. Gharama hiyo iandikwe tangu siku ya kwanza.

Faiba haiozi. Lakini imetoka kwenye kalibu, kimo na upana alishaamua mtu mwingine. Tena kutoka Dar es Salaam utalipia lori zima kwa mzigo mwepesi uliojaa hewa.

Hesabu hiyo ya usafiri ni ya zamani. Meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafumuliwa, ikaletwa Kigoma ndani ya masanduku yapata 5,000, ikaunganishwa upya na kushuliwa 1915. MV Mwanza, yenye urefu wa mita 92.6, iliundwa Mwanza kwenyewe.

Kwa boti ya kwanza ningechukua mbao, niulize Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC) masharti ya usajili kabla ya kukata ubao, na nimlipe fundi kwa awamu: mkuku, mataruma, ubavu, kushua. Awamu ya mwisho isubiri magunia tisa ya mchanga, kila moja kilo 50, yalale ndani ya boti kutwa nzima, kisha tupime maji yamefika wapi ubavuni.