Neno "Huria" na Maandalizi ya Maonyesho ya Programu za Kompyuta

1.0 Utangulizi

Programu huria ni zile ambazo msimbo wake huwekwa wazi, ili mtumiaji aweze kuusoma, kuurekebisha, kuunakili na kuugawa. Harakati zake zilianza mwaka 1983, Richard Stallman alipotangaza mradi wa GNU nchini Marekani. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, alitoa kiini cha Linux. Nyingi ya programu hizi hazina fedha za matangazo, hivyo huenezwa pia kwa mikutano ya hadhara. Makala hii inaeleza namna lugha inavyoathiri mikutano hiyo katika Kiswahili.

2.0 Suala la Istilahi

Kiingereza hutumia neno moja kwa kitu cha bure na kwa kitu chenye uhuru. Utata huo ulichangia kubuniwa kwa istilahi nyingine mwaka 1998. Kiswahili hutenganisha dhana hizo, na mtu angedhani kuwa kazi ya mwandaaji imekuwa nyepesi. Sivyo. "Bure" humaanisha pia kitu kisicho na faida, kama katika "kazi bure". Tangazo la "programu za bure" hujitilia shaka lenyewe.

Neno "huria" nalo lina historia yake. Mtanzania aliyeshuhudia ubinafsishaji wa mashirika ya umma hulihusisha na soko huria, yaani bei kujipanga na kila mtu kujitegemea. Lakini analijua pia katika jina la Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1992, ambamo lina maana ya mlango ulio wazi. Maana hii ya pili ndiyo inayofaa kuegemewa. Aidha, ni busara mfano utangulie istilahi. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Menyu ya namna hiyo ikionyeshwa ukutani huueleza uhuru wa kutafsiri kuliko fasili yoyote: hapakuhitajika idhini ya kampuni.

Waandaaji hawana budi pia kukubaliana mapema iwapo watasema kompyuta au tarakilishi, kipanya au puku. (Kwa wakazi wa Dar es Salaam wa miaka ya tisini, kipanya kilikuwa daladala.)

3.0 Siku Yenyewe

Imani ya umma hupotea hasa wakati wa kusakinisha. Mwalimu huja na kompyuta yenye mitihani ya shule nzima. Mhasibu wa ushirika huja na hesabu za wanachama. Jalada moja likifutika, habari hiyo itafika mbali kuliko hotuba zote. Kwa hiyo kila mashine inakiliwe majalada yake kwanza, na asiyekuwa na nafasi ya nakala aonyeshwe programu kwa flashi bila kuguswa diski yake. Programu zenyewe zipakuliwe siku kadhaa kabla, kwa kuwa intaneti ya ukumbi haiwezi kuhudumia watu wengi kwa pamoja.

Maonyesho mengi hukosea kwa kutopanga siku ya pili. Maswali ya kweli huzuka juma linalofuata, printa inapokataa kuchapa. Tarehe na mahali pa mkutano huo vitangazwe kabla watu hawajatawanyika.